Haki za mteja anayekodi kampuni ya kuhamisha vyombo vya ndani: Arusha kwenda Dodoma

Mkazi wa Njiro ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Nimepata uhamisho wa kikazi, na mwishoni mwa mwezi ujao familia yangu itahama kutoka Njiro kwenda Dodoma kwa njia ya Babati na Kondoa. Vyombo vyetu ni vya nyumba ya vyumba vitatu: vitanda na magodoro, makabati mawili ya mninga tuliyoachiwa na mama mkwe, friji, mashine ya kufulia, sofa, runinga, na maboksi ya vitabu na vyombo vya udongo. Kwa kuwa mimi na mwenzangu tutakuwa kazini hadi siku ya mwisho, tumeona ni heri tukodi kampuni inayofunga, kupakia, kusafirisha na kushusha, badala ya kutafuta lori na vibarua asubuhi ya siku ya kuhama.

Hofu yangu imeanzia kwenye majibu niliyopata. Kampuni moja ilinitumia bei kwa WhatsApp bila kuja kuona vyombo. Nyingine inataka nusu ya fedha mapema, tena kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Fomu ya nyingine ina maneno chini, kwa herufi ndogo, kwamba kampuni haitahusika na upotevu wala uharibifu wa aina yoyote. Zaidi ya hayo, jirani yetu aliyehama mwaka jana alizuiwa kushusha vyombo vyake alipofika, akatakiwa kuongeza fedha ambazo hazikuwamo katika mapatano. Ilikuwa usiku na watoto hawakuwa na pa kulala, hivyo akalipa.

Naomba kufahamishwa kama ipo sheria au mamlaka hapa Tanzania inayosimamia kazi hii, kama maneno ya fomu ile yana nguvu, na nifanye nini iwapo yatanipata yaliyompata jirani. Natanguliza shukrani.

Wakili wa Sekei amejibu:

Ndugu Mkazi wa Njiro, umefanya vyema kuuliza kabla ya kutoa fedha, kwa sababu karibu kila haki nitakayoitaja hapa huwa rahisi kuidai pale tu ambapo ushahidi wake uliandaliwa kabla lori halijaondoka.

Kazi ya kuhamisha vyombo inaongozwa na sheria za jumla, na ya kwanza ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hiyo inamtambua mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake kwa shughuli maalumu, na inamtaka aitunze kwa uangalifu uleule ambao mtu mwenye busara ya kawaida angeutumia kwa mali yake mwenyewe ya aina na thamani kama hiyo. Ukikabidhi kabati zima, nalo likashushwa Dodoma mlango umepasuka, aliyekuwa nalo njiani ndiye anayepaswa kueleza alilifungaje, alilipanga wapi ndani ya lori na kwa nini lilivunjika. Kifungu cha 73 cha sheria hiyohiyo kinampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo. Mkataba wa maneno matupu nao unatambulika kisheria, lakini utauthibitishaje? Hapo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakusaidia, kwa kuwa ujumbe wa WhatsApp au barua pepe inayotaja bei, tarehe na idadi ya vyombo inaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Usiifute hata mmoja, na kila mnalokubaliana kwa kupiga simu, liandike palepale uwatumie wathibitishe.

Ya pili ni Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003. Wengi hudhani inahusu makampuni makubwa yanayogombania soko, ilhali sehemu kubwa ya sheria hiyo inamlinda mlaji, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, FCC. Inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bei au ubora wa huduma, inakataza kumsumbua au kumtisha ili alipe, na inataka huduma itolewe kwa ustadi na uangalifu unaostahili. Kampuni inayokutajia bei ndogo ikijua kwamba itadai nyongeza mlangoni inagusa makatazo hayo moja kwa moja.

Kuhusu fomu yenye herufi ndogo, nakushauri usiipuuze wala usiiogope. Tangazo la kwamba kampuni haihusiki na lolote halifuti wajibu uliowekwa na sheria, lakini ukilisaini bila kulipinga utajipa kazi ya kubishana nalo baadaye. Likate kwa kalamu, mweke saini zenu nyote wawili pembeni, na juu yake iandikwe kwamba kampuni itafidia chombo kitakachopotea au kuharibika kikiwa mikononi mwake. Kampuni ikikataa katakata kuwajibika hata kwa uzembe wa watu wake, hiyo peke yake inatosha kukufanya utafute nyingine.

Sasa suala la jirani, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Msafirishaji anaweza kudai abaki na mzigo hadi alipwe ujira uliokubaliwa. Hilo ni jambo moja. Kuuzuia mzigo ili kupata fedha zisizokubaliwa ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa Sheria ya Mikataba inahesabu kuizuia mali ya mtu isivyo halali, ili akubali mapatano mapya, kuwa ni shuruti, na fedha iliyolipwa kwa shuruti inaweza kudaiwa irudishwe. Sheria yetu ilitokana na ile ya India ya mwaka 1872, na katika sheria hiyo ya India mfano unaotolewa ni wa kampuni ya reli iliyokataa kumpa mtu mizigo yake hadi alipe tozo isiyo halali: mtu yule alilipa ili apate mizigo, na sheria ikampa haki ya kurudishiwa kiasi kilichozidi. Kwa hiyo, ukibanwa usiku na watoto wamechoka, kulipa hakukupotezei haki. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, tuma ujumbe palepale kwamba umelipa kwa kupinga kwa sababu vyombo vimezuiwa, kisha udai. Madai ya fedha yatokanayo na mkataba, yasiyozidi shilingi milioni 30, yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili.

Kwa upande wa mamlaka, magari ya biashara ya kubeba mizigo hupewa leseni na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA. Nauli za daladala na mabasi ya mikoani hupangwa na LATRA, lakini bei ya kubeba mizigo ni ya makubaliano kati ya mteja na msafirishaji. Kwa maoni yangu huo ni upungufu unaostahili kuzibwa. Sidai bei elekezi. Ingetosha kanuni inayomlazimisha kila anayehamisha vyombo vya familia kutoa makadirio ya maandishi baada ya kuviona.

Msimamizi wa Wapakiaji, Moshi amejibu:

Namshukuru ndugu wakili. Mimi nafanya kazi hii hapa Moshi, na ningependa kuongeza yale yanayotokea mlangoni, maana ugomvi mwingi huanzia kwenye mambo ambayo hakuna upande ulioyataja.

Bei iliyotolewa bila mtu kuja kuona vyombo haina msingi wa kuisimamia. Anayekadiria anatakiwa kuingia kila chumba, afungue stoo, aangalie hadi mapipa na maua yaliyoko uani, kisha aulize maswali: nyumba unayohamia iko ghorofa ya ngapi, lori kubwa linafika getini au litasimama barabarani na vyombo vifuatwe kwa kirikuu, nani anafungua vitanda na kuvifunga tena, maboksi na karatasi ni za nani. Barabara za ndani huku kwetu na huko Arusha, hasa wakati wa masika, zinaweza kulizuia lori lisifike, na hapo ndipo nyongeza huzaliwa. Ikiwa hayo yote yaliulizwa na kuandikwa, kiongozi wa kazi hana cha kudai akifika. Ikiwa hayakuulizwa, huenda anadai kwa haki au kwa hila, na mteja hana namna ya kutofautisha.

Ulizeni pia kama lori ni lenu peke yenu. Zipo kampuni zinazochanganya mizigo ya wateja wawili au watatu, na zipo zinazotumia lori linalorudi tupu baada ya kushusha mzigo mwingine, jambo ambalo hupunguza bei kwa kiasi kikubwa na halina ubaya wowote likisemwa wazi. Ubaya hutokea pale vyombo vinaposhushwa kwenye ghala njiani na kupakiwa upya bila mwenyewe kujua, kwa sababu kila kushusha na kupakia ni nafasi nyingine ya kuvunjika au kupotea.

Hata hivyo, kitu ninachokithamini kuliko vyote ni orodha. Kila chombo kikubwa kiandikwe jina na hali yake kabla hakijafungwa, kwa mfano kwamba kabati la mninga la milango mitatu lina mkwaruzo upande wa kushoto, na kila boksi lipewe namba na jina la chumba. Pigeni picha vyombo vya thamani pande zote, friji na runinga zipigwe zikiwa zimewashwa, na namba ya usajili ya lori ipigwe pamoja na leseni ya dereva. Orodha isainiwe wakati wa kupakia na isainiwe tena wakati wa kushusha. Mkifika Dodoma mtaletewa karatasi ya mapokezi yenye maneno kwamba vyombo vyote vimepokelewa vikiwa salama. Msiisaini kabla ya kuhesabu, na kwa maboksi ambayo hamjayafungua andikeni kwa mkono kwamba yamepokelewa bila kufunguliwa. Msimamizi mwaminifu hatakasirika. Sisi wenyewe orodha hutulinda, kwa sababu wapo wateja wanaodai tumevunja kilichokuwa kimevunjika siku nyingi.

Mashine ya kufulia inayofunguliwa kwa mbele hukazwa pipa lake kwa boliti za usafirishaji zilizokuja nayo, na friji iyeyushwe barafu na kukaushwa kabla ya siku ya safari, kisha isafiri ikiwa wima. Vyeti, hati za nyumba, dhahabu na fedha taslimu visiingie ndani ya lori kabisa. Chukueni pia barua ya serikali ya mtaa inayoonyesha kwamba mnahama na vyombo ni vyenu, kwani lori lililojaa vyombo vya ndani linaweza kusimamishwa na kuulizwa.

Mkazi wa Usa River amejibu:

Niliishi Marekani kwa miaka kadhaa na nilihama huko kutoka jimbo moja hadi jingine, hivyo ningependa kueleza kanuni za wenzetu, kwa kuwa mengi yaliyomo yanaweza kuandikwa na mtu yeyote katika mkataba wake hapa Arusha.

Huko kuhama kutoka jimbo hadi jimbo kunasimamiwa na mamlaka ya serikali kuu iitwayo FMCSA, iliyo chini ya Wizara ya Uchukuzi, na kila kampuni ya aina hiyo lazima iwe na namba ya usajili ambayo mteja anaweza kuitafuta mtandaoni. Kuhama ndani ya jimbo moja hufuata sheria za jimbo husika. Makadirio ni ya namna mbili. Yapo yanayoifunga kampuni, yaani bei iliyoandikwa ndiyo bei ya huduma na vyombo vilivyoorodheshwa, na yapo yasiyoifunga, ambayo hubadilika kulingana na uzito halisi. Kwa haya ya pili, kampuni haiwezi kumtaka mteja alipe zaidi ya asilimia 110 ya makadirio ili akabidhiwe vyombo vyake; kinachozidi hapo hudaiwa baadaye, baada ya siku 30. Kanuni hiyo imewekwa kwa ajili ya kisa kama cha jirani yako: bei inaweza kubishaniwa, lakini vyombo vinashuka kwanza.

Fidia nayo ni ya viwango viwili, na hapa watu wengi huumia. Usiposema vinginevyo kwa maandishi, kampuni inawajibika kwa thamani kamili: inatengeneza chombo, inaleta kingine kama hicho, au inalipa thamani yake. Ukichagua kiwango cha chini ambacho hakitozwi chochote, fidia huwa senti 60 za dola kwa kila ratili ya uzito wa chombo husika. Runinga ya kilo 20 ni takriban ratili 44, hivyo ikivunjika mteja hulipwa kama dola 26 tu, hata kama aliinunua kwa dola elfu moja. Mteja ana angalau miezi tisa ya kuwasilisha madai kwa maandishi, kampuni ina siku 30 za kukiri kuyapokea, na siku 120 za kulipa, kukataa au kutoa pendekezo la suluhu.

Kwetu hakuna anayekukataza kuandika kwamba bei ni ya mwisho, kwamba vyombo vitashushwa kabla ya mabishano yoyote ya nyongeza, na kwamba madai yatajibiwa ndani ya siku kadhaa. Ningeandika hayo hata kwa kampuni ninayoiamini.

Mkazi wa Njiro ameandika:

Nawashukuru sana. Jioni hii tumeanza orodha, na tumewaomba wale waliotoa bei kwa simu waje kuviona vyombo. Yamebaki mawili. Kampuni moja inasema ina bima kubwa ya lori, hivyo tusiwe na wasiwasi; je, bima hiyo inatuhusu sisi? Na malipo ya awali yasiwe zaidi ya kiasi gani?

Mtumishi wa Bima, Moshi amejibu:

Bima kubwa ya gari hulilinda gari lenyewe, na ile ya lazima hulinda watu wengine watakaoumia au ambao mali zao zitaharibiwa na gari hilo. Vyombo vyako vilivyopakiwa kwa malipo havimo katika bima hizo. Kinachohitajika ni bima ya mizigo safarini, na hata hiyo isome kwa makini: angalia kama ni ya kampuni kwa mali za wateja wake au ni ya mali za kampuni yenyewe, kiwango cha juu kwa safari moja ni kiasi gani, na kama inafidia kuvunjika kwa vyombo vya udongo na vioo vilivyofungwa na mwenye mali mwenyewe, maana mara nyingi hivyo huachwa nje. Omba nakala ya hati, usiridhike na stika ya kwenye kioo, na uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Unaweza pia kukata bima hiyo wewe mwenyewe kwa safari moja, ukiorodhesha vyombo na thamani zake. Andika thamani ya kweli. Anayeandika nusu ya thamani ili apunguze ada anaweza kulipwa sehemu tu ya hasara yake, na hapo hulalamika kwamba bima imemwonea. Mgogoro na kampuni ya bima ukishindikana kumalizika, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Wakili wa Sekei amejibu:

Kiasi cha malipo ya awali ni suala la mapatano. Mimi huwashauri wateja wangu wasivuke robo ya bei wakati wa kuweka nafasi, sehemu nyingine ilipwe lori likishapakiwa na orodha kusainiwa, na sehemu isiyopungua theluthi ibaki hadi vyombo vishushwe. Wenye kampuni hulalamika kwamba mafuta yananunuliwa kabla ya safari, nao wana hoja. Ndiyo maana malipo ya kati huwekwa wakati wa kupakia.

Fedha isiende kwa namba ya mtu binafsi. Lipa kwenye akaunti ya benki au Lipa Namba yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba na kwenye usajili wa BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara, na udai risiti ya mashine ya kodi, EFD, ambayo mwajiri wako naye huenda akaihitaji katika kurejesha gharama za uhamisho. Jina linalotokea kwenye simu likiwa tofauti na la kampuni, simamisha malipo hadi upate maelezo ya maandishi.

Mkataba wenu usikose maneno kama haya: "Bei hii ni ya mwisho kwa vyombo vilivyo katika orodha iliyoambatishwa na kwa anwani zilizotajwa. Nyongeza yoyote itakubaliwa kwa maandishi kabla ya lori kuondoka Arusha. Baada ya hapo vyombo vitashushwa vyote mara mteja atakapolipa salio la bei hii, na dai lolote la ziada litajadiliwa baada ya kushusha." Chini yake ongezeni siku ya kufika na kiasi kitakachokatwa kwa kila siku ya kuchelewa, lakini kiwe kiasi kinacholingana na hasara halisi, kwa mfano gharama ya kulala nyumba ya wageni, kwa sababu mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa na hailazimiki kukitoa chote.

Chombo kikipotea kabisa na kampuni ikawa haipokei simu, nenda polisi ufungue taarifa na upate namba ya RB kabla ya siku nyingi kupita. Kwa upotoshaji wa bei au vitisho, andikia FCC. Kwa gari lisilo na leseni au msafirishaji aliyekiuka masharti ya leseni yake, andikia LATRA. Kabla ya yote hayo, ipelekee kampuni barua ya madai yenye orodha, picha na kiasi unachodai, uipe siku 14 za kujibu, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi.

Mkataba na orodha viwe nakala mbili zenye saini za pande zote, na nakala yako usafiri nayo mkononi.